Mbunge si boyi wa mukubwa wa chama

Wandugu raia, vijana wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Beni, Bunia, Kisangani, Lubumbashi na Kinshasa, na ninyi wote mulio kambini ao ng'ambo ya mipaka,

Mbele Goma ianguke mikononi mwa M23, siku moja tulienda kumuona mbunge mmoja wa taifa aliyerudi mujini kwa likizo ya bunge. Tulikuwa watu kumi na mbili: wanafunzi, wamotari wawili, na mama mmoja anayeuzisha makala pale Birere. Tulimuuliza swali moja tu: "Mheshimiwa, juu ya nini munaendelea kupigia kura ule utawala wa kijeshi, ile 'état de siège', kila siku 15, na munaona kwa macho yenu kama watu wanaendelea kuchinjwa?" Akatazama chini. Kisha akajibu: "Bana yangu, muniachilie. Miye mwenyewe najua ile kitu haisaidie. Lakini chama ilisha kutoa mot d'ordre. Nikipinga, kesho niko inje."

Mama wa makala akamwambia: "Papa, siye tulikupigia kura wewe. Hatukumupigia kura huyo anayekutuma." Mbunge hakupata jibu. Tukaagana kwa heshima, tukarudi kwa miguu.

Hatutaji jina lake, sababu hayuko yeye peke yake. Angekuwa yeye peke yake, tungemubadilisha kwenye uchaguzi na maneno yangeisha. Lakini ukienda kwa wengine mia utasikia jibu lilelile, hata kama rangi ya tisheti ni ingine. Katika siasa ya inchi yetu, nidhamu ya chama imekuwa shimo ambamo kila mutu anaficha zamiri yake.

Tunaliandika leo juu neno hilo linarudi kwa nguvu. Tarehe 23 Oktoba 2024, pale Kisangani, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kutayarisha Katiba ingine. Tangu siku ile, katika vyama vya Union sacrée, wakubwa wanamutazama Raisi, wabunge wanawatazama wakubwa, na hakuna anayemutazama raia. Ndiyo maana tunasema mapema, kusudi kesho mutu asijifanye hakusikia: "chama kiliniamuru" haitakuwa kisingizio.

ILE TABIA ILITOKA WAPI

Wengi wetu tulizaliwa kisha Mobutu kuondoka. Lakini tunaishi bado ndani ya nyumba aliyoijenga. Mwaka 1967 alianzisha MPR. Kidogo kidogo chama hicho kikameza serikali, bunge, mahakama, hata shule. Mtoto wa Zaïre alizaliwa tayari mwanachama, apende asipende. Kazi ya mbunge ilikuwa kupiga makofi. Kazi ya kijana ilikuwa kucheza na kuimba jina la Kiongozi wakati anashuka ndege. Huyo njo aliitwa raia mwema.

Sasa musikilize vizuri. Novemba 1980, wabunge 13 wa chama hicho hicho waliandika barua ya kurasa 52 kwa Mobutu. Kati yao kulikuwa Ngalula Mpandanjila na Étienne Tshisekedi. Walimwambia kweli juu ya wizi, juu ya utawala wa mutu mumoja, juu ya inchi iliyokuwa inakufa. Walivunja nidhamu ya chama. Walijua gharama yake, na waliilipa: kukamatwa, kupigwa, kufungwa, kutupwa mbali katika vijiji. Tarehe 15 Februari 1982, UDPS ikazaliwa kutokana na kukataa kule.

Ni kusema, chama kinachotawala leo kilizaliwa siku wabunge walikataa kumutii mukubwa wa chama chao. Wangalifuata mot d'ordre, UDPS isingekuwako, na mwana wa Étienne Tshisekedi asingekaa leo pale alipo. Wale wa UDPS wanaotuambia kama kupinga ni usaliti, wasome tena historia ya nyumba yao.

Lakini kile kilichotokea ndani ya nyumba hiyo tumekiona wote. Jean-Marc Kabund aliongoza UDPS kwa muda kisha mwenye chama kuwa Raisi wa Jamhuri. Mwanzo wa 2022 alikosana na Ikulu, akaacha kiti cha makamu wa kwanza wa spika, chama kikamufukuza. Alipounda chama chake na kusema kwa ukali, alikamatwa Agosti 2022, na Septemba 2023 akahukumiwa miaka 7 ya jela, juu ya kumutusi mukuu wa inchi na mashtaka mengine. Hatuko mawakili wa Kabund. Alipokuwa na nguvu hatukumusikia akitetea waliokuwa wanapigwa. Lakini tunauliza: ugomvi wa ndani ya chama, hata ukatoka inje, unamalizikiaje Makala? Kisha Agosti 2024, kukawa UDPS pande mbili zikigombania kiti cha katibu mukuu Augustin Kabuya, kila upande ukisema huo njo chama halali. Na wote wawili walikuwa wanangoja mutu mumoja awaambie nani yuko na haki. Chama cha miaka zaidi ya 40 kinashindwa kumaliza neno lake kwa kura ya wanachama wake. Hiyo nidhamu gani?

HAIKO UDPS TU

Mutu asichukue maneno haya akaenda kuyaimba kwa upinzani. Ugonjwa ni wa wote.

Wandugu wa Mashariki, mukumbuke Januari 2009. Jeshi la Rwanda liliingia Kivu ya Kaskazini kwa operesheni iliyopewa jina la Umoja Wetu. Spika wa bunge, Vital Kamerhe, alisema wazi kama bunge halikujulishwa. Alikuwa mutu wa PPRD, mutu wa karibu wa Joseph Kabila. Swali lake lilikuwa la haki: majeshi ya kigeni yanaingiaje inchini, na wawakilishi wa wananchi hawajui? Hakupewa jibu. Muungano wake mwenyewe ulimusukuma mpaka akajiuzulu, Machi 2009. Mahali pake wakamuweka Évariste Boshab, katibu mukuu wa PPRD. Siku ile nidhamu ya chama ilipewa uzito kuliko mipaka ya inchi. Siye wa Kivu tungali tunalipa.

Na Kamerhe mwenyewe alifanya nini kisha? Mwaka 2010 akaanzisha UNC, chama chake. Tarehe 11 Novemba 2018, kule Geneva, yeye na Tshisekedi na wakubwa wengine watano wa upinzani walitia sahihi kumuunga mukono Martin Fayulu. Siku iliyofuata, wao wawili wakaondoa sahihi zao, wakisema wanachama wao wamekataa. Novemba hiyo hiyo, Nairobi, wakatia sahihi ingine, kati yao wawili: wewe leo, miye 2023. Tunauliza tu: wale wanachama waliokuwa na nguvu ya kufuta karatasi ya Geneva katika saa 24, waliulizwa lini juu ya karatasi ya Nairobi? Na 2023 ilipofika, zamu ilienda wapi? Kamerhe alimuunga mukono Tshisekedi, wanachama wakageuza tisheti. Mwanachama anaamshwa wakati mukubwa anamuhitaji. Siku ingine anaambiwa alale.

Septemba 2025, Kamerhe akiwa tena spika, wabunge wa muungano wake mwenyewe walitia sahihi karatasi za kumuondoa. Akajiuzulu mbele ya kura. Mara mbili kiti kilekile, mara mbili akiangushwa na watu wake.

Kwa Kabila je? Tarehe 8 Agosti 2018, PPRD na muungano wa FCC waliambiwa kama mugombea wao ni Emmanuel Ramazani Shadary. Hakukuwa kura ya wanachama. Watu wenye diploma kubwa walikaa wakingoja jina kama wanafunzi wanangoja matokeo ya mtihani, kisha wakapiga makofi.

Na hao waliopiga makofi, uaminifu wao ulidumu siku ngapi? Kisha uchaguzi wa 2018, FCC ilikuwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500. Tarehe 6 Desemba 2020, Tshisekedi alitangaza mwisho wa ndoa na Kabila. Siku nne kisha, spika Jeanine Mabunda aliangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Mwisho wa Januari 2021, Waziri wa Kwanza Ilunkamba aliangushwa kwa kura 367. Modeste Bahati, aliyepewa kazi ya kutafuta walio wengi wapya, akahesabu wabunge 391 upande wa Union sacrée. Ni bunge lilelile. Hakukuwa uchaguzi kati. Kitu kilichobadilika ni fasi gani mali inatokea.

Kisha wabunge wakaanza kupewa jeep mupya.

Kwa hiyo mutu akituambia kama mbunge wa Congo anatii sababu ana nidhamu, tunacheka. Anatii mpaka siku mukono ulioshika mufuko unabadilika.

MASHINE INAFANYA KAZI NAMNA HII

Vijana wengi wanatuuliza: "Lakini juu ya nini mutu mwenye masomo anaitika kuwa boyi?" Tueleze.

Kwanza, chama kwetu kina mwenyewe, sawa vile duka lina mwenyewe. Anaitwa "autorité morale". Katika sheria ya vyama ya mwaka 2004 hautapata mutu aliye juu ya kongamano la chama. Lakini katika maisha, huyo njo anatoa majina ya wagombea, njo analipa nyumba ya chama, njo anajua orodha ya mawaziri mbele ya wote. Wanachama hawalipi michango, basi hawana sauti. Anayelipa njo anaamuru.

Pili, sheria ya uchaguzi. Tangu mabadiliko ya 2017, orodha inapashwa kupata angalau 1% ya kura za inchi nzima kusudi ihesabiwe kwa viti vya bunge la taifa. Unaweza kuwa wa kwanza katika eneo lako, watu wote wakakupenda, na ukabaki inje juu kundi lako halikufika 1%. Ndiyo maana kila mugombea anakimbilia chini ya mwavuli wa mukubwa fulani. Ukiongeza pesa za kuweka mbele, kijana muzuri wa Masisi ao wa Fizi hana njia bila kupiga magoti. Mwaka 2023 inchi ilikuwa na vyama zaidi ya 900 vilivyoandikishwa. Vyama 900, lakini utaje programu tano tu unazokumbuka. Vingi ni mihuri ndani ya mukoba.

Tatu, Katiba yenyewe wanaisoma jicho moja. Kifungu cha 110 kinasema kama mbunge akiacha chama chake kwa kutaka mwenyewe, anahesabiwa kama ameacha kiti. Hicho wanakijua kwa kichwa, wanamutishia nacho kila siku. Lakini kifungu cha 101 kinasema kama mbunge wa taifa anawakilisha taifa, na kwamba kila amri ya kumufunga mikono ni bure. Hicho hawakisomi. Na mwaka 2021, mamia walipohama kambi kwenda upande wenye mufuko, kifungu cha 110 kilikuwa wapi? Kililala usingizi. Kifungu hiki kinaamuka tu kwa kumuuma aliye peke yake.

Nne, msaidizi wa mbunge, yule "suppléant". Mara mingi ni bibi yake, mutoto wake ao ndugu yake. Mbunge akiitwa kuwa waziri, kiti kinabaki ndani ya nyumba. Basi kila mbunge analala akiota simu ya Kinshasa. Mutu anayeota simu hawezi kumukasirisha anayepiga simu.

Tano ni siye. Ndiyo, siye vijana. Kadinali ao mukubwa akifika, ni nani anapanda nyuma ya lori na kikwembe cha chama juu ya mabega? Nani anaitika faranga kidogo na chupa moja ya biya, akapiga kelele mpaka sauti inaisha, kisha anarudi nyumbani kwa miguu kwenye giza sababu moto wa umeme hakuna? Nani anatukana raia mwenzake kwenye simu usiku kucha juu ya mutu ambaye hajui hata jina lake? Boyi wa mukubwa naye yuko na boyi wake. Mara mingi ni kijana asiye na kazi.

"PASIPO NIDHAMU, CHAMA NI SOKO"

Watatuambia: chama bila nidhamu ni soko, kila mutu anapiga kelele yake. Ni kweli. Hatukatai nidhamu. Hata katika muvuma wetu, tukiamua pamoja kuandamana bila jiwe na bila fimbo, hakuna anayebeba jiwe. Anayebeba, tunamutoa. Lakini tuliamua pamoja. Hapo njo tofauti.

Na tuwe wa haki: kumekuwa watu katika siasa waliolipa. Septemba 2015, vyama saba vya muungano wa Kabila, wale waliitwa G7, pamoja na wazee kama Charles Mwando Nsimba na Pierre Lumbi, waliandika barua ya kukataa awamu ya tatu. Walifukuzwa. Vyama vyao vikazaliwa mapacha: jina lilelile, bendera ileile, mukubwa mupya anayetii. Mwisho wa 2022, Moïse Katumbi alipotoka Union sacrée, mawaziri wake Christian Mwando na Chérubin Okende waliacha viti vyao. Wengine waliokuwa naye waliona kiti ni kitamu, wakabaki. Julai 2023 Okende alikutwa amekufa ndani ya gari yake Kinshasa. Kila mutu awe na mawazo yake juu ya vyama hivyo, na siye tuko na maswali mingi kwa Katumbi pia. Lakini mutu anayetoka kwenye kiti hayuko sawa na mutu anayekiramba.

Basi mukitaka kujua kama nidhamu ya chama ni ya kweli ao ni utumwa, muulize maswali matatu. Ile amri iliamuliwa na nani, kongamano ao mutu mumoja sebuleni? Inafanana na kile chama kiliahidi raia wakati wa kampeni, ao inakipinga? Na mukubwa mwenyewe akivunja sheria ya chama, anaadhibiwa ao anaimbiwa? Chama kikianguka kwa hayo matatu, mbunge hana deni kwake. Deni lake ni kwa yule mama wa makala.

Na wale wanaosema "vyama vya Kinshasa vimeoza, basi bunduki njo dawa", tunawajibu pia. Desemba 2023, Nairobi, Corneille Nangaa alianzisha AFC, akaungana na M23. Ni Nangaa yule yule aliyekuwa mukubwa wa CENI, aliyetutangazia matokeo ya Januari 2019. Wengine waliomufuata walitoka katika vyama vya serikali na vya upinzani. Walibeba ugonjwa wao, wakaongeza silaha. Goma na Bukavu, tangu mwanzo wa 2025, ni nani alipiga kura kuwachagua wanaotoa amri? Katika chama kibaya, ukipinga unafukuzwa. Kule ukipinga hautaonekana tena. Haiko suluhisho. Ni shule moja, darasa la juu zaidi.

TUJITAZAME SIYE WENYEWE

Hatuwezi kuandika hivi bila kusema yetu. Katika miaka hii tumeona wandugu wa mapambano, watu tuliokula nao bugali ya jela, wakiitwa Kinshasa na kurudi na suti na kazi ya mushauri. Hatuwahukumu wote, wengine walikuwa na watoto wenye njaa. Lakini wengine walianza kututetea sera zilezile tulizopinga pamoja, na walipoulizwa walijibu kwa maneno ya yule mbunge: "Sina namna." Na kati yetu tuliobakia, kuna nyakati tulinyamaza juu ya kosa la mwenzetu sababu ni mwenzetu. Tulifanya vibaya. Ugonjwa wa mukubwa hauanze bungeni. Unaanza katika kikundi cha watu kumi, siku mumoja anasema "tumungojee fulani" na wengine wanaitika. Ndiyo maana kwetu hakuna raisi, na anayezungumza leo hazungumzi kesho. Inachosha, mikutano inakuwa mirefu. Tunapenda kuchoka hivyo.

KILE KIKO MBELE YETU

Sasa tufike kwenye Katiba. Kifungu cha 220 kinasema kama hesabu na muda wa awamu za Raisi haviguswe. Kifungu cha 219 kinakataza kubadilisha Katiba wakati wa vita ao wakati wa "état de siège". Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya "état de siège". Vita, hatuna haja ya kueleza. Muelewe basi: wale wabunge waliokuwa wanaongeza utawala wa kijeshi kila siku 15 kwa amri ya chama, hawawezi kesho, kwa amri ya chama hicho, kusema inchi iko katika amani ya kutosha kwa kugusa Katiba.

Na mutazame kifungu cha 218: bunge na seneti wakikaa pamoja, watatu kati ya watano wakiitika, mabadiliko yanaweza kupita bila raia kuulizwa kwa kura. Kisha uchaguzi wa 2023, Union sacrée iko na viti zaidi ya 400 vya bunge. Kwa karatasi, simu moja inatosha. Januari 2011 walifanya vile: kwa siku chache wakageuza Katiba, uchaguzi wa Raisi ukatoka raundi mbili ukawa moja, na walio wengi wakafuata mukubwa. Kati ya Katiba na simu hiyo kunabaki zamiri ya wabunge, na siye.

Mutu asiseme haiwezekane. Januari 2015, bunge lilipigia kura sheria iliyotaka kuhesabu watu wote wa inchi kwanza kisha ndipo uchaguzi. Kila mutu alijua ni njia ya kumuongezea Kabila muda. Nidhamu ya walio wengi ilikuwa kamili. Tarehe 19, vijana wa Kinshasa, Goma na Bukavu wakajaza barabara. Watu waliuawa, hatutawasahau. Lakini katika wiki moja seneti ikaondoa kile kipande, na bunge likainama. Maseneta walikuwa wa vyama vilevile, na wakubwa walikuwa walewale. Siku ile tu walimuogopa raia kuliko mukubwa.

Kwa hiyo tunaomba, na tunadai:

Moja. Kila mbunge na seneta aseme sasa, kwa sauti yake na kwa jina lake, musimamo wake juu ya vifungu 219 na 220. Asingoje chama. Anayenyamaza tutamuandika katika orodha ya wanaokubali.

Mbili. Kura zote juu ya Katiba na juu ya "état de siège" zitangazwe jina kwa jina. Raia anapashwa kujua nani aliitika nini.

Tatu. Vyama vifanye makongamano ya kweli, wanachama wachague wakubwa na wagombea. Chama ambacho hakijawahi kubadilisha mukubwa kwa kura kisitufundishe demokrasia.

Nne. Kile kizingiti cha 1% kiondolewe katika sheria ya uchaguzi mbele ya 2028, kusudi raia amuchague mutu wake bila kupita kwa mwenye mwavuli.

Na ninyi vijana, kazi yenu haingoje Kinshasa. Jueni jina la mbunge wa eneo lenu. Akija likizo, mumufuate kwa heshima, kumi na mbili, ishirini, mumuulize swali moja wazi na muandike jibu lake. Akiwa hawezi kuja sababu ya vita, mumutumie swali kwenye simu. Mukiwa ndani ya chama, mubaki kama munataka, chama si zambi, lakini mudai kongamano, mulipe mchango wenu kusudi muwe na sauti. Na siku lori linakuja kuwabeba uwanjani, muulize kwanza: tunaenda kuambiwa nini, ao tunaenda kupiga makofi tu?

Kwa wabunge tunamaliza hivi. Wale 13 wa 1980 hawakuwa malaika. Walikuwa wamekula na Mobutu miaka. Lakini siku moja walikaa, wakaandika kurasa 52, na tunawataja mpaka leo. Wale wengine mamia waliobaki na nidhamu, mutu mumoja kati yenu anakumbuka majina yao?

Mama wa makala angali anangoja jibu. Alikimbia kutoka Birere, sasa yuko mbali, lakini kadi yake ya uchaguzi aliibeba.

Mapambano yanaendelea. Bila jiwe, bila bunduki, na bila kupiga magoti.